Kichwa Kiangalie Ziwa

Jogoo alikuwa bado hajawika Efrazia aliposikia cheni ikilia ndani ya karai. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, chaka, chaka, kama ya mtu anayechagua mawe kwenye kunde. Mwingine asingeamka kwa ajili yake. Efrazia aliamka, akajitanda kanga, akamkuta Verdiana amechuchumaa uani, karai la mafuta ya taa kati ya magoti yake na kibatari amekiweka mbali juu ya jiwe.

"Mwanangu, hata kuku wamelala."

"Nimekuamsha, mama? Nisamehe. Leo Jumatano, na Jumamosi wageni wanakuja kuona mashine ya kusaga. Nilitaka niioshe cheni yake kabla Teresia hajaamka akataka kuogelea humu."

Efrazia alicheka. Teresia, mtoto wa Verdiana, alikuwa na miaka mitatu, na kweli hakuna karai aliloliacha salama.

Nyumba yao ilikuwa hivi. Efrazia alizaa mabinti wanne, wote wakaolewa mbali, na mume wake akafa bila kumwachia mtoto wa kiume. Kwa desturi ya kwao, mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa binti huyo wakawa wa nyumba yake, ili nyumba isizimike. Basi Efrazia alichukua ng'ombe walioletwa kwa binti yake wa mwisho, akamwoa Verdiana. Wapo waliocheka. "Efrazia kaoa fundi," walisema. "Siku akiumwa kiuno atapakwa grisi."

Walisema hivyo kwa sababu Verdiana alikuwa binti wa Method, aliyefanya kazi miaka ishirini katika karakana ya misheni, upande wa Kenyamonta. Method hakuwa na mtu mwingine wa kumshikia spana, akamfundisha binti yake. Operesheni ya vijiji ilipokuja, watu wakahamishwa kutoka milimani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na mapadri wakatoa mashine yao ya kusaga iwe ya kijiji kipya. Fundi wa serikali aliifunga kwa siku moja tu kwenye banda jipya, akapanda lori akaondoka. Method alikuwa ameshafariki. Mtu pekee aliyeijua mashine ile alikuwa Verdiana, na mkutano wa kijiji ukamkabidhi. Siku hiyo wanaume walimpigia makofi mwanamke, jambo ambalo Efrazia alikuwa hajaliona tangu azaliwe.

Miaka miwili Verdiana alisaga. Wazee aliwapitisha mbele ya foleni. Jirani yao Honoratha, mtoto wake alipoumwa tumbo, alisagiwa mara mbili ili uji uwe laini, na Verdiana hakumwambia mtu.

"Njoo uone hapa, mama." Verdiana aliinua cheni, mafuta yakachuruzika. "Viungo vyote hivi vimepigwa nyundo kiwandani, havifunguki. Hiki kimoja ndicho kinachokutanisha ncha mbili. Pini zake zimelika, na kibanio chake nakitoa kwa ukucha. Ona."

Alikitoa kwa ukucha.

"Kitafika Jumamosi?"

"Hakitafika hata Alhamisi."

Asubuhi hiyo walikwenda pamoja ofisini kwa katibu wa kijiji, Stanslaus, kijana mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Efrazia hakumchukia. Siku ya kuhama, wengine walipokuwa wakifokea watu, Stanslaus alibeba kwa bega lake mlango wa nyumba ya Efrazia kutoka mlimani mpaka barabarani. Jambo hilo Efrazia hakulisahau, hata baadaye.

"Viungo vipo," Stanslaus alisema, akatoa kopo la maziwa ya unga. "Vimeletwa kutoka wilayani. Chagua kimoja, ufunge, tumalize."

Ndani ya kopo mlikuwa na vitatu. Verdiana alikichukua cha kwanza, akapitisha pini yake kwenye tundu la cheni aliyokuja nayo begani, akaitikisa.

"Hiki ni cha pikipiki, Ndugu Katibu. Pini nyembamba. Inacheza humu kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake."

"Na hicho kingine?"

"Hiki kimepinda kiunoni. Hutumika cheni ikiwa fupi, inakosa nusu hatua kufika. Baba alisema ni cha kukufikisha nyumbani, si cha kufanyia kazi. Mawe yetu ni mazito."

"Cha tatu?"

"Kinaingia sawasawa. Lakini hakina kibanio, na cha zamani kimelegea."

Wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi walianza kutabasamu. Stanslaus aliwaona.

"Kwa hiyo wilaya nzima haijui cheni. Anaijua mke wa mwanamke."

Benchi zima lilicheka. Verdiana alirudisha viungo ndani ya kopo kimoja kimoja, akalifunika kwa kifuniko chake.

"Sijasema wilaya haijui. Nimesema hivi havifai."

"Umekataa mali ya serikali mbele ya mashahidi," Stanslaus alisema, akaandika.

Mtu aliyewasaidia alikuwa Gasto, dereva wa lori la ushirika lililokuwa likipita kwenda Sirari, mpakani, kila wiki. Verdiana alimpa kile kiungo kilicholika kama kipimo, akamweleza: unene wa pini, upana wa nafasi ya ndani, na kibanio chake kiwe kipya. Ijumaa alasiri lori lilisimama mbele ya nyumba yao, Gasto akashuka na kifurushi kidogo cha gazeti.

"Mama, shikamoo. Nimepita maduka manne wananipa vya baiskeli. Duka la tano mzee mmoja akakipima hiki cha kwenu kwa vidole tu, hata hakutazama, akaingia ndani akaja na hiki."

"Marahaba, mwanangu. Tukupe nini?"

"Uji, kama upo wa moto."

Akanywa uji wake amesimama, akaondoka. Kitu kingine hakutaka.

Walikwenda bandani wote watatu, Teresia akabebwa mgongoni. Verdiana alizungusha cheni kwenye magurudumu ya meno, akazikutanisha ncha zake juu, kwenye meno ya gurudumu kubwa, kwa sababu hapo meno yenyewe huzishika zisikimbiane. Efrazia alishikilia upande mmoja kwa kitambaa. Pini mbili zikaingia kutoka nyuma kwa kidole tu, bila nyundo. Likafuata bamba la mbele. Halafu Verdiana akachukua kibanio.

Kilikuwa kidogo kama ukucha, umbo la samaki: upande mmoja kichwa kizima cha mviringo, upande wa pili mkia uliopasuka katikati. Verdiana alikishika hewani, akatazama huku na huku.

"Mama, ziwa liko upande gani kutoka hapa?"

Kutoka kijijini ziwa halionekani, lakini kila mtu anajua jua linazama upande liliko ziwa. Efrazia alinyoosha mkono. "Kule."

"Kichwa kiangalie ziwa," Verdiana alisema kwa sauti nzito ya kumuiga baba yake. Bruda wa misheni hakujua Kiswahili cha kutosha kumweleza Method, kwa hiyo alimshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuza upande wa ziwa, na Method akamfundisha binti yake kwa kumgeuza vile vile. Verdiana alikisukuma kibanio kwa koleo. Kililia, ta! Akakijaribu kwa ukucha, hakikutingishika.

"Hapo," alisema. "Hapo mtu anaweza kulala."

Aliomba dizeli kidogo ajaribu mashine kwa saa moja. Stanslaus alikataa: dizeli ni ya wageni. Tena aliingia bandani, akatazama bati lililofunika cheni, akasema litolewe, maana wageni wanakuja kuona mashine, hawaji kuona bati.

"Bati linalinda watu, Ndugu Katibu."

"Utalirudisha wakiondoka."

Stanslaus akalitoa mwenyewe. Watu waliokuwa wanafagia uwanja walimwona, wapata arobaini.

Jumamosi wageni walifika kwa magari mawili. Ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa. Honoratha, mwenye sauti nzuri kuliko wanawake wote wa kijiji, ndiye aliyechaguliwa kumimina debe la kwanza. Verdiana aliwasha injini kwa mpini, moshi ukatoka, mawe yakaanza kuimba na unga mweupe ukateremka. Wageni wakapiga makofi. Mmoja alimwambia Honoratha asogee karibu na cheni apigwe picha.

Robo saa ilipita hivyo. Kisha kitu kidogo kiliruka kikagonga bati la paa, na kabla mtu hajageuka cheni ilifunguka. Ilipiga mara moja tu, kama fimbo ya mchungaji inavyomshukia ng'ombe, ikamkuta Honoratha usoni.

Jicho la kushoto lilipotea hapo hapo.

Efrazia ndiye aliyemshika kichwa Honoratha mpaka gari la wageni lilipomchukua. Aliporudi, kanga yake imelowa damu, alimkuta Verdiana mbele ya ofisi, ameketishwa juani. Walikuwa wamemfunga mikono kwa cheni ile ile, yenye grisi na damu. Wanawake aliowasagia miaka miwili walipita mmoja mmoja. Wengine walitema mate. Mama mmoja aliyekuwa akipitishwa mbele ya foleni kila wiki alichota unga wa sherehe kwa kiganja, akamrushia usoni. Watoto wakacheka kuona alivyokuwa mweupe.

"Mke wa mwanamke! Saga sasa!"

Mgambo aliyepewa kazi ya kumlinda alikuwa kijana anayeitwa Mogesi. Efrazia alimwona akiinama, kama anayekaza fundo, na badala yake akalegeza cheni ili isimkate mikono. Mchana wote ule, hicho tu ndicho kilichofanana na huruma.

Maneno yalishaenea: kiungo cha Sirari, kiungo cha magendo, Verdiana alikataa cha serikali akatafuta cha kuua watu. Stanslaus aliliita hujuma. Na hujuma, mwaka ule, halikuwa neno la kuchezea.

Jumatatu alikuja Inspekta Laurian, mtu wa mkoa mwingine, mwenye mvi kidogo. Kitu cha kwanza aliagiza Verdiana afunguliwe na apewe maji. Alitazama mashine, akaandika, halafu akamwita Efrazia pembeni.

"Mama, shikamoo. Nakwambia ninavyoona mimi. Chuma huchoka, kikakatika. Hiyo ni ajali. Alhamisi kuna mkutano hapa. Nitauliza kama kuna mwenye jambo jipya. Likikosekana, nitaandika ajali, na binti yako atabaki nyumbani amlee mtoto."

"Na likiwepo?"

"Basi hatabaki."

Efrazia alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai. Ilitosha angoje siku tatu. Lakini Verdiana hakula. Alikaa na vipande vya kiungo mkononi, vile alivyoviokota mwenyewe chini ya mashine alipofunguliwa.

"Hakikukatika, mama. Pini nzima. Bamba zima. Kibanio nimekipata kwenye unga, kizima. Kimetoka chenyewe. Kwa nini kitoke, na mimi nilikifunga?"

"Inspekta amesema kimekatika."

"Ni wema wake kusema hivyo. Kweli ni nyingine." Akavifunga kwenye kitambaa. "Honoratha ni jirani yangu. Nitamwambia nini?"

Efrazia alilala na swali hilo. Alfajiri aliamua kwenda misheni kuuliza. Alijiambia kwamba kosa likionekana liko kwa yule fundi wa serikali, au kwa kiwanda, hata wanaotema mate watanyamaza, na Verdiana atatembea kijijini uso juu. Ajali peke yake ingemwacha na wasiwasi wa watu maisha yake yote. Hivyo ndivyo alivyofikiri. Alikosea kwa sababu ya kupenda. Alikichukua kile kitambaa, akamwambia Verdiana anakwenda kutafuta dawa ya mgongo.

Bruda alikuwa amesharudi kwao miaka mingi. Aliyebaki alikuwa mzee Athanas, mfagiaji wa karakana, ambaye alimfungulia mlango, akampa kigoda na maziwa mgando kabla hajamuuliza shida yake. Sakafuni yalikuwepo bado mashimo ya misumari ya mashine. Athanas alisimama katikati yake kama mtu anayesimama kwenye kaburi analolijua.

"Injini ilikaa hapa. Mawe kule. Cheni, upande wake wa juu, ilikuwa inakimbia hivi." Mkono wake ulielekea magharibi. "Ona ukuta ule wa upande wa ziwa. Mafuta yote yalirukia pale."

Efrazia alifungua kitambaa. Alieleza kibanio kilivyofungwa, kichwa upande wa ziwa.

"Sawa kabisa," Athanas alisema. "Na huko kwenu cheni juu inakimbia wapi?"

Efrazia alifumba macho, akaliona banda. Mlango ulielekezwa barabarani kama mabanda yote ya kijiji yalivyoamriwa, na mashine ikageuzwa nao. Aliiona cheni ikipita. Ilikuwa ikikimbia mlimani, upande jua linakotoka.

"Kule kwingine," alisema polepole.

Mzee akakichukua kile kibanio kwa vidole viwili. "Si habari ya ziwa, mama. Ziwa lilikuwa la hapa tu. Wewe umewahi kuzalisha?"

"Nusu ya kijiji."

"Basi unajua. Kichwa kinatangulia. Kichwa ni kizima, kikigonga kitu kinapita. Mkia umepasuka, ukitangulia unapanuka, na kibanio kinachomoka."

Efrazia aliyekuwa amepokea watoto wengi kwa mikono yake alielewa mara moja. Alielewa pia kwa nini kibanio cha kwanza hakikuchomoka miaka miwili: kile kilifungwa na fundi wa serikali, aliyejua kinavyotakiwa. Verdiana hakuwa amefunga kiungo tangu kuhama, mpaka Ijumaa ile. Alifunga kama alivyofundishwa, mahali ambapo mafundisho hayakufika.

Kwa Efrazia hilo lilikuwa jambo zuri. Si magendo wala hujuma. Ni watu waliohamishwa, na maneno ya marehemu yakabaki yakielekea kule kule. Alitembea nusu siku kurudi, miguu imevimba, moyo mwepesi. Hakumwambia Verdiana. Alitaka asikie mkutanoni, mbele ya wote.

Alhamisi uwanja ulijaa. Honoratha alikuwepo, ametoka hospitali jana yake, nusu ya uso imefungwa. Inspekta alifungua jalada lake.

"Nimeona kiungo kilikatika. Kuna mwenye jambo jipya?"

Watu walitazama chini. Stanslaus hakuwa na kitu. Kalamu ya Inspekta ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Mimi ninalo," Efrazia alisema.

Verdiana aligeuka. "Mama?"

Efrazia alisimama, akafungua kitambaa, akaeleza yote kwa utaratibu wake: ziwa, mashimo ya sakafuni, mlango wa barabarani, kichwa na mkia. Aliomba gurudumu lizungushwe kwa mkono, na Mogesi akalizungusha, kila mtu akaona. Alieleza vizuri kuliko mwalimu. Alipomaliza alimtazama Inspekta kama mtu anayengoja kupewa mtoto amshike.

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ungenyamaza."

Stanslaus alikuwa ameshasimama. "Andika, Afande! Chuma hakikukatika. Chuma ni kizima, mama mwenyewe amekileta. Basi lililokosea ni nini? Mkono! Na mkono ulikuwa wa nani?"

"Hakujua!" Efrazia alisema.

"Hakujua, na alijua kukataa vya wilaya! Alituambia sisi hatujui cheni. Nimeandika maneno yake."

"Ziwa nilimwonyesha mimi. Nichukueni mimi."

Hapo watu walicheka. "Kuonyesha ziwa si kosa, bibi," mtu alisema kutoka nyuma. "Ungemwonyesha na Mwanza!"

Efrazia alingoja kicheko kiishe. "Na bati? Kama bati lingekuwepo cheni isingemfikia mtu. Bati alilitoa nani? Mlikuwa mnafagia hapa. Semeni."

Watu wapata arobaini walikuwa wameona. Mmoja alianza kumfunga mtoto wake mgongoni upya. Mwingine alikohoa. Mogesi alifungua kinywa, akamtazama Stanslaus, akakifunga. Efrazia hakumlaumu sana. Kijana yule alikuwa na mama mgonjwa, na katibu ndiye anayegawa mashamba.

Mwishowe aliongea Honoratha. Jicho lake moja lilikuwa likitazama ardhi.

"Bati alilitoa Verdiana," alisema.

Verdiana hakubisha. Alimtazama tu jirani yake, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kwamba mtoto mgonjwa ana haki ya kulia. Wakamfunga mikono, safari hii kwa pingu. Teresia alikuwa anacheza na kifuniko cha debe la unga, hakugeuka.

Mahakama ilimpa mwaka mmoja na nusu kwa uzembe. Hujuma haikuthibitika. Stanslaus aliwaambia watu kwamba huo ni wema wa serikali.

Ilichukua miezi minne Efrazia kupewa ruhusa ya kumwona. Aliondoka na Teresia, ndizi za kuchoma kwenye kikapu, akalala njiani kwa watu asiowajua waliompa kitanda chao. Gerezani walichukua kikapu, wakamwambia atarudishiwa akitoka. Kilirudi kitupu. Walimkalisha upande mmoja wa waya, na upande wa pili akaletwa Verdiana, kichwa kimenyolewa, mikono imepasuka kwa kulima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Askari wa kike aliyesimama mlangoni alitazama saa.

"Mashine inasaga?" Verdiana aliuliza.

"Inasaga. Yuko mdogo wake katibu. Kichwa wamekigeuza, bati wamelirudisha. Wanasaga vizuri."

"Basi watoto wanakula."

"Mimi sipeleki huko."

"Peleka, mama. Mikono yako haifai tena kwa jiwe."

Efrazia alishika waya kwa vidole. Kwa miezi minne alikuwa amelipanga neno hili, na sasa lilitoka bila mpango wowote. "Ni mimi niliyekufunga, Verdiana. Angeandika ajali. Kalamu ilikuwa kwenye karatasi."

Verdiana hakuharakisha kumfariji. Alifikiri kwanza, kama alivyokuwa akiitazama pini kabla ya kusema inafaa au haifai.

"Ungeniambia kwanza," alisema. "Ningekwambia ni kweli, halafu ningekwambia tunyamaze wote wawili. Kwa hilo nimekulaumu, mama. Usiku mwingi nimekulaumu." Akavuta pumzi. "Lakini sasa najua kwa nini kilitoka. Ningekaa nyumbani bila kujua, ningefunga kingine vile vile."

"Honoratha haji kwetu."

"Atakuja au hatakuja. Yule ni nani amejificha?"

Teresia alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya Efrazia. Efrazia alimsogeza mbele. "Mwangalie mama yako."

Mtoto alimtazama yule mtu mwenye kichwa kitupu nyuma ya waya, akatazama pembeni, akaanza kulia, akataka kwenda nyumbani. Verdiana aliingiza kidole kimoja kwenye tundu la waya. Teresia hakukigusa.

"Muda," askari alisema. Alisema bila ukali, na alipomwona mtoto analia alirudi hatua mbili, akageukia ukuta, akawaachia dakika nyingine ambayo haikuwa yao.

Efrazia alikishika kile kidole yeye. Kilikuwa na ngozi ngumu, na kwenye ukucha hapakuwa tena na weusi wa grisi.

"Ni mbali, mama," Verdiana alisema. "Najua ni mbali, na miguu yako imevimba. Kikapu watakila kila mara, kwa hiyo usilete kitu. Mlete huyu tu, hata kama analia. Uje tena. Mama, uje tena."